Sifuri Kati ya Thelathini

Ndugu msomaji, kaa vizuri na uweke kitambaa karibu. Sura unayoianza imebeba mapenzi mazito, machozi ya mtu mzima, na neno moja la kuagana lililosemwa mlango ukiwa wazi. Imeandikwa na shahidi mtulivu, mkweli, asiye na upande, aliyeyaona yote kwa macho yake mawili.

Shahidi huyo ni mimi. Nina miaka kumi na sita, na katika sifa zote hizo, yenye uhakika ni ile ya macho mawili. Yalipimwa na mama yangu mzazi.

Mama ni mpima macho. Tunaishi nyuma ya duka lake la miwani. Mbele kuna rafu za fremu na ubao wa herufi, herufi kubwa juu, ndogo chini, na kiti kimoja cha kuzunguka ambacho mtu akikikalia hawezi kusema uongo. Hivyo ndivyo Mama anavyodai. Nyuma ya pazia kuna karakana ya dada yangu. Dada ndiye fundi: anasaga lenzi, anaziingiza kwenye fremu, anakaza skrubu ndogo ambazo ukipiga chafya hutaziona tena maishani. Ana mikono isiyotetemeka na mdomo usiofunguka ovyo, vitu viwili ambavyo mimi sikurithi.

Nilirudi likizo nikiwa na barua kutoka shule ya bweni. Mkuu wa shule alimjulisha Mama kwa masikitiko kwamba nimepata alama kumi na moja kwa mia katika Kifaransa, kwamba kilichoniangusha ni vivumishi, na kwamba shule ikifunguliwa nitarudia mtihani. Nikishindwa, nitarudia darasa. Chini aliongeza kwa kalamu yake mwenyewe jambo kuhusu milango ya mabweni na majina yaliyobadilishwa, ambalo halihusiani kabisa na Kifaransa. Mama alilisoma mara mbili. Akasema nikimfanyia mzaha mmoja tu likizo hii, sirudi bweni. Nitasoma shule ya mtaa wa pili na atanisindikiza kila asubuhi akinishika mkono. Mama hatishi watu. Huwa anatoa taarifa.

Ndivyo mwalimu alivyoingia nyumbani kwetu.

Alikuwa mwalimu wa muda katika shule ya jirani, mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani kila akiinama. Alikuja Jumatano na Jumamosi, na Mama alitaka masomo yafanyike karakana, pazia likiwa wazi, ili akiwa mbele asikie. Kwa hiyo tulikuwa watatu: mimi na daftari, mwalimu na kamusi, na Dada kwenye benchi lake, ametupa mgongo.

Siku ya kwanza mwalimu alinieleza kwamba nisiogope, kwa sababu jambo hili ninalijua tangu nianze kusema. Sisemi mtoto kizuri wala kiti mzuri. Nasema mtoto mzuri, kiti kizuri, viti vizuri, na hakuna aliyenichapa ili nijue. Basi Wafaransa nao wana yao. Kivumishi kinaitazama nomino yake: ikiwa ya kike, mara nyingi kinaongeza herufi e, zikiwa nyingi, kinaongeza s. Ukuta ni wa kiume: ukuta wa kijani, un mur vert. Shati ni la kike, une chemise verte. Hapo nikamuuliza shati limekuwaje la kike wakati analivaa yeye. Dada, akiwa ametupa mgongo, akacheka. Kicheko kidogo, cha puani.

Mwalimu aligeuka. Na Dada naye, kwa bahati mbaya kabisa, aligeuka.

Msomaji, nimewahi kuona taa ya darasa ikiwaka baada ya kukatika kwa juma zima. Ilikuwa hivyo.

Tangu siku hiyo mifano ilianza kubadilika. Kuta na mashati yakaondoka, wakaingia wasichana wenye subira, mikono hodari, macho meusi. Des yeux noirs, aliniandikisha, na sauti yake ikapungua nguvu kwenye neno la mwisho. Mimi niliandika. Dada alisaga lenzi. Na miwani ya mwalimu, sijui kwa nini, ikawa na tabia ya kulegea. Alikuwa akiivua kujifuta jasho, anaiweka kando ya kamusi, na akiivaa tena, mkono mmoja wa fremu unaning'inia. Kila somo likaishia kwenye benchi la Dada, mwalimu amesimama karibu, akingoja akaziwe skrubu.

Wiki ya pili, Jumatano, nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Mwalimu alimwambia Mama kwamba mtoto ana akili kuliko barua ya shule inavyodai, na kwamba masomo mawili zaidi yanatosha. Mama akashukuru. Mimi nikatazama nyuma ya pazia. Mashine ya kusagia ilikuwa inazunguka, na ndani yake hapakuwa na lenzi. Dada alikuwa ameishika mkononi, anaiangalia kama mtu aliyesahau ni ya nini.

Jumamosi iliyofuata nikawa mjinga.

Sikufanya kwa mzaha. Au niseme, haukuwa mzaha kwa maana ya mzaha. Niliandika ukuta wa kike na shati la kiume. Kwenye wingi niliondoa s, kwenye umoja niliongeza. Mwalimu alisahihisha kwa penseli yake ya kijani, akanitazama juu ya miwani. Kisha akamwendea Mama, akamwambia huenda alikuwa na haraka, tutahitaji likizo nzima.

Wiki ya nne ndipo Dada alipotangaza, akitazama chini, kwamba fremu ya mwalimu haikai sawa na lazima apimwe upya. Kupima kwenyewe ni hivi: fundi anakaa mbele yako, magoti karibu yagusane, anaweka rula ndogo chini ya nyusi zako na kupima kutoka mboni hadi mboni. Kazi ya nusu dakika.

"Nitazame hapa," Dada akasema, akigusa pembeni ya jicho lake. "Usitazame pengine."

"Sijatazama pengine tangu nije," mwalimu akajibu.

Rula ikatulia hapo. Mimi nilifanya zoezi zima la maswali ishirini, nikayakosea yote kwa uangalifu, nikawa bado nina muda wa kuchonga penseli. Mwishowe Dada akataja namba, kisha akaitaja nyingine, kisha akasema itabidi apime tena Jumamosi.

Nakuja sasa kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya likizo. Mama alikuwa amesema mapema kwamba saa nane mchana mwalimu atanipa mtihani wa maswali thelathini mbele yake, ili ajue kama kuna mtoto wa kurudisha bweni. Nikipata, masomo yamekwisha leo na mwalimu hana sababu tena ya kuvuka mlango wetu. Nikikosa, nilidhani, Mama ataongeza masomo. Kwa siku zilizobaki atakuja kila siku. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga. Hakuna aliyeniambia kuna tarakimu nyingine.

Niliona tu kwamba Dada alikuwa amevaa gauni lake la kijivu, lile la watu wa maana, na kwamba alifuta benchi lililokuwa safi. Mwalimu alifika na bahasha mfukoni. Alipojifuta jasho safari hii hakuigiza: lilikuwa jasho kweli. Miwani ikalegea, akampa Dada, Dada akaipokea bila kumtazama, akaiweka benchini, akasahau kuikaza.

Nikaandika. Kukosa maswali thelathini si kazi ndogo. Kuna maneno hayana huruma, kama rouge, yaani -ekundu, ambalo ni lilelile kwa kiume na kwa kike. Mjinga wa kawaida analiacha lilivyo na anapata. Mimi nikalikata herufi ya mwisho.

Mwalimu alisahihisha karibu kabisa na karatasi, kwa kuwa hakuwa na miwani. Alipofika chini, penseli ikasimama. Mama akanyoosha mkono.

"Sifuri," Mama akasoma.

"Sifuri, mama."

"Mwalimu, wiki sita."

"Ndiyo, mama."

"Alikuja na kumi na moja."

Mwalimu akageuza uso upande wangu. Bila miwani macho yake yalionekana ya mtu mdogo zaidi, na hayakuwa na hasira. Nikangoja aseme. Akasema, "Kosa ni langu. Mimi ndiye nimeshindwa." Kisha akavuta pumzi, akaongeza kwamba anajua si wakati mzuri, ila kuna neno jingine lililomleta leo, na akiliacha leo hatapata siku nyingine. Dada akasimama nyuma ya benchi.

Alilisema kwa ufupi na kwa heshima. Kwamba anampenda binti mkubwa wa nyumba hii. Kwamba wamekwisha kusikilizana, na hawakutaka kwenda kinyume cha mama. Kwamba amepata barua ya kazi ya kudumu, lakini ni mji wa mbali, siku mbili za safari. Mkuu wa shule ile atampigia simu saa kumi kamili apate jibu. Akikubaliwa hapa, atakataa na kubaki na kazi yake ya muda hadi apate nyingine karibu, maana anajua duka halina fundi mwingine.

Nilisikia masikio yangu yakiwaka. Nilitamani nimeze karatasi.

Mama hakupandisha sauti. "Mwanangu," akamwambia, na neno hilo lilikuwa baridi kama chuma cha kupimia, "mimi nilibaki na watoto wawili na kiti kimoja cha kuzunguka. Kila aliyekaa pale ameondoka anaona. Wewe nimekupa mtoto mmoja, somo moja, wiki sita. Umeshindwa. Nikupe na huyu?"

"Mama," Dada akasema.

"Ningemuuliza swali hilohilo hata angekuwa mfalme."

Mwalimu akaikunja bahasha yake. Akaaga. Alipopita mbele aligonga rafu ya fremu za watoto, akainama kuziokota, akaziweka juu chini. Dada akamfuata hadi mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita nje na mizigo yao ya Jumamosi.

"Basi saa kumi nitajibu ndiyo," mwalimu akasema polepole. "Isipokuwa wewe uniambie vingine."

Dada alimtazama Mama, akatazama ubao wa herufi, kama vile jibu limeandikwa mstari wa chini kabisa, ule wa herufi ndogo.

"Haya," akasema.

Hilo ndilo neno nililokuahidi, msomaji. Usilidharau.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika tano. Dada alirudi karakana, akakaa, na machozi yakamtoka bila sauti, yakidondokea kitambaa cha kufutia lenzi. Nikasogea. Nilitaka kusema. Kila nilipofungua mdomo nilijiona nimeshikwa mkono na Mama tukielekea shule ya mtaa wa pili, wanafunzi wamejipanga kututazama.

"Dada," nikasema.

"Hukuweza hata kumi?" Hakuwa ananigombeza, ndiyo maana iliuma. "Ungepata hata kumi, yeye angesema umebakiza kidogo. Mama angeelewa. Kumi tu, mdogo wangu."

Nikarudi kwenye kiti changu. Saa tisa na robo. Saa tisa na dakika ishirini na mbili. Nilikuwa nimefanya mengi shuleni: nimefunga njuga chini ya kitanda cha matroni, nimemwandikia mkuu barua ya pongezi kutoka kwa mzazi ambaye hayupo. Kote huko sikuwahi kuona kitu kikivunjika mbele yangu na mimi ndiye nimeshika nyundo.

Ndipo Mama aliponiita mbele.

Alikuwa ameshika karatasi yangu pamoja na karatasi ya majibu ambayo mwalimu aliiacha. Akaashiria kiti cha kuzunguka. Nikakaa. Akakigeuza hadi nikatazamana na ubao.

"Unajua watoto wangapi huletwa hapa wakidai hawaoni?" akaniuliza.

Nikasema wengi.

"Mwenzao shuleni kavaa miwani myekundu, nao wanaitaka. Nawaonyesha herufi. Asiyeona kweli anakisia, na anayekisia, mwanangu, hupata mojamoja. Hawezi kuepuka. Lakini huyu wa miwani myekundu hukosa zote. Nikionyesha O, ananiambia X. Nikionyesha X, ananiambia O. Ili ukose zote," akapunguza sauti, "lazima uzione zote."

Akainua karatasi yangu.

"Maswali thelathini. Sijui Kifaransa. Lakini hapa mwalimu ameandika kwamba neno hili halibadiliki, unaliacha kama lilivyo. Wewe umelikata mkia. Mvivu angeliacha. Mjinga angeliacha. Nani angehangaika kulikata?"

"Mama."

"Sema majibu sahihi."

Akageuza karatasi ya majibu nisione. Nikayasema yote thelathini, la kwanza hadi la mwisho, ya kike kwa ya kike, mengi kwa mengi. Mama alifuatisha kwa kidole. Kidole hakikusimama hata mara moja. Nilipomaliza, pazia lilikuwa limesogezwa na Dada amesimama hapo, uso umelowa.

"Tangu lini?" akauliza.

"Wiki ya pili," nikasema. "Aliposema masomo mawili yanatosha. Niliona mashine yako inazunguka bure."

Dada akaweka mkono mdomoni. Sikujua kama ataninasa kibao au atanikumbatia, na nadhani hata yeye hakujua. Akakimbilia simu, akapiga. Inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Saa kumi kasoro dakika kumi na moja. Mama alisimama dirishani mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitazama saa kama mtu mwenye hofu.

Hapo mlango ukafunguliwa, na rafu ya fremu za watoto ikaanguka tena.

"Samahani," mwalimu akasema kutoka sakafuni. "Nimesahau miwani. Simu inaita na sioni wapi pa kubonyeza."

Hakuna aliyecheka. Mama akaniondoa kwenye kiti, akamkalisha yeye.

"Mwalimu, huyu mtoto anajua."

Mwalimu akanitafuta kwa macho.

"Nawe ulijua kwamba anajua."

"Ndiyo, mama. Tangu wiki ya pili. Hakuna mwanafunzi anayekosa vizuri namna ile."

"Ukanidanganya."

"Nilinyamaza. Nilitaka kuendelea kuja. Hilo ni kosa langu, wala silipunguzi."

"Na leo? Leo ulikuwa unapoteza kila kitu. Kwa nini hukumtaja?"

Mwalimu alisugua goti lake. "Ulisema akifanya mzaha harudi bweni. Nikaona mimi ni mtu mzima, naweza kwenda mbali. Yeye bado anasoma."

Simu ya mwalimu ikaanza kulia mkononi mwake. Saa kumi kamili. Mkuu wa shule ya mbali alikuwa mtu wa ratiba. Mwalimu hakuibonyeza. Alimtazama Mama, au sehemu yenye ukungu alipokuwa amesimama Mama.

"Mtu anayeninyamazia simwamini haraka," Mama akasema. Simu ililia mara ya tatu, ya nne. "Anayebeba aibu ya mwanangu mbele yangu, sijui nimfanye nini. Itabidi aje mara nyingi nimwangalie. Binti, mbonyezee simu hiyo."

Dada akainama, akabonyeza, vidole vyake vikabaki juu ya mkono wa mwalimu. Mwalimu akamshukuru mkuu wa shule kwa heshima zote, akasema kazi ni nzuri, ila hataweza kuja, na alipoulizwa sababu akajibu kwamba ni ya kifamilia. Dada akageuza uso ukutani. Mabega yake yalikuwa yanacheka au yanalia. Ukikaa nyuma huwezi kutofautisha.

Mimi nilianza kurudi nyuma taratibu kuelekea kwenye pazia. Shahidi mzuri hujua wakati wa kuondoka.

"Wewe, simama." Mama alikuwa ameichukua miwani ya mwalimu kutoka benchini, ameiinua kwenye mwanga. "Fremu hii niliiuza mwenyewe mwaka huu. Haina skrubu. Dada yako ameikaza mara ngapi?"

"Kila somo," Dada akasema kwa ukuta.

"Skrubu ya fremu yangu haitoki yenyewe. Leta mkebe wako wa jometri."

Nikaenda. Nikaurudisha. Mama akaufungua, akaondoa bikari, akaondoa bisibisi ndogo iliyokuwa imepotea karakana tangu likizo ianze, akaumimina mkebe juu ya karatasi yangu ya sifuri. Zikadondoka, ndogo kama mbegu za ufuta, moja moja. Mwalimu akaziinamia karibu kabisa na pua ili azione. Dada akageuka, na kutokana na alivyokwepa macho ya Mama nilijua kwamba fundi wetu hodari hakuwa amewahi kudanganywa na skrubu hata siku moja.

"Masomo kumi na mawili," Mama akasema. "Skrubu kumi na mbili. Na hizi nani alizitoa?"

Nikatafuta uongo. Nina akiba nzuri, nimeiweka tangu kidato cha kwanza. Nikaangalia ubao wa herufi, nikaangalia kiti, nikamwangalia Dada katika gauni lake la kijivu.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Zote."